Ratiba ya dawa za saratani ya tezi dume kwa milinganyo: nilipofikia

Jumamosi

Programu imekubali. Nimeiandika kwa Python juu ya milinganyo ya Lotka na Volterra, ya viumbe wanaogombea au kulana, ambayo Volterra aliitumia miaka ya 1920 kueleza samaki wa bahari ya Adriatiki. Humu samaki ni seli za saratani, aina tatu: T+ zinategemea testosteroni (homoni ya kiume) ya mwili, TP zinajitengenezea yao, T− haziihitaji kabisa. Abiraterone, dawa inayozuia testosteroni kutengenezwa, inazibana mbili za kwanza. T− haizigusi, kinachozizuia ni kubanwa na wenzao tu.

Ndiyo maana Kituo cha Saratani cha Moffitt, Florida, hawakutaka kuua kila seli. Mpango wao, uliochapishwa 2017: PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu kufuatilia saratani) ikishuka hadi nusu ya ile ya mwanzo, abiraterone inasimamishwa, ikirudi ilikoanzia, inaanzishwa tena. Tiba ya kushusha testosteroni yenyewe haikatizwi. Matokeo ya 2022: ugonjwa ulichukua miezi 33.5 kuendelea, kwa kipimo cha wastani wa kati, dhidi ya 14.3 kwa waliomeza mfululizo. Yapendeza, ila walikuwa 17 dhidi ya 16, tena hawakugawanywa kwa kura.

Jumapili usiku

Leo sikugusa dawa, nimebadilisha ratiba ya kupima tu. PSA ikipimwa kila siku, mstari unapanda na kushuka kati ya nusu na kamili, vizuri kabisa. Ila mgonjwa wa kupimwa kila siku hayupo. Wa kweli ana nauli na foleni ya maabara. Kila mwezi, bado inakwenda. Nikaweka kila miezi mitatu: programu inapokuja kugundua kuwa nusu imefikiwa, PSA imeshaporomoka mbali chini yake, T+ na TP zimekwisha, na mstari mwekundu wa T− unaanza kupanda bila mpinzani. Dawa ileile, kanuni ileile.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaoitaja ile nusu kana kwamba ndiyo siri yote. Bila kusema PSA inapimwa kila baada ya muda gani, kanuni haijakamilika. (Hii ni michoro ya mezani kwangu, dozi ya mtu ni ya daktari wake.)

Kinachofuata ni modeli nyingine ya saratani hii, ya Hirata, Bruchovsky na Aihara ya 2010. Yao haina kugombea nafasi: seli zinabadilika tu, nyingine zikiweza kurudi zilivyokuwa, nyingine zisiweze. Nataka kuona kama nayo itaumia nikichelewesha vipimo.