Siku tatu za ardhi, siku tatu za Mausi

Kuna sikukuu moja kule Odisha, mashariki mwa India, inaitwa Raja, na kila mwaka ikifika katikati ya mwezi wa sita simu yangu inajaa picha za bembea na wasichana waliojipaka rangi nyekundu miguuni, ni wale niliosoma nao Bhubaneswar, mji mkuu wa Odisha. Mwaka huu nimeziangalia nikasema ngoja niandike, maana haya mambo yamenikaa rohoni muda mrefu na nikiwaelezea watu hapa Dar wanashangaa, wengi wanachojua ni kwamba Wahindu wanamtenga mwanamke akiwa kwenye siku zake basi, stori imeisha. Haijaisha kabisa.

Raja ni sikukuu ya hedhi, na hedhi yenyewe ni ya ardhi. Wanaamini kwamba Bhudevi, yaani ardhi, ambaye ni mungu wa kike na mke wa Jagannath (mungu mkuu wa Odisha), huingia kwenye siku zake kila mwaka pale jua kali linapokaribia kuisha na mvua za monsuni ziko njiani, mwili unajiandaa kupokea mbegu. Kwa hiyo siku tatu hamna plau kuingia shambani, hamna kuchimba, hamna kupanda, wazee wanakataza hata kutembea peku usije ukamuumiza. Na kwa vile ardhi imepumzika, wasichana na wanawake nao wanapumzika, hawapiki, hawakati mboga, hawasagi viungo, kazi yao ni kuvaa nguo mpya, kupaka ile rangi ya alta miguuni, kutafuna paan (tambuu), kucheza karata na ludo na kubembea. Bembea zinafungwa kwenye miembe, na wanabembea huku wanaimba nyimbo za Raja, wengine wanasimama wawili kwenye ubao mmoja wakiusukuma kwa miguu mpaka we unayeangalia ndo unaogopa.

Ili mapumziko yawezekane, siku ya kabla yake, wanaiita Sajabaja, nyumba nzima ni mbio, viungo vinasagwa vya kutosha na vyakula vinaandaliwa mapema. Ndo inapikwa poda pitha hapo, mchele na dengu za urad zilizolowekwa zikasagwa, nazi, sukari guru, inaachwa kwenye moto mdogo usiku kucha mpaka nje inaungua kidogo na ndani inabaki laini, mtu wa Pwani ukiionja moja kwa moja unafikiria mkate wa kumimina.

Alafu siku ya nne, hii ndo iliyonishika. Asubuhi Mausi (mama mwenye nyumba, wapangaji wote tulimwita hivyo) alilitoa uani jiwe la kusagia viungo, lile bapa zito lililochongwa vishimo vidogo vidogo ili lishike, na kile kijiwe chake cha kuviringisha, vyote vilikuwa vimelala siku zote tatu bila kuguswa. Akalimwagia maji. Akachukua manjano iliyosagwa mbichi akawa analisugua kwa kiganja, taratibu, juu, pembeni, kwenye vile vishimo, mpaka maji yaliyokuwa yanashuka sakafuni yakawa ya njano tupu. Akalipaka sindur, ule unga mwekundu, akaliwekea maua na matunda, akaliinamia. Jiwe lile siku hiyo ndo ardhi yenyewe, anaogeshwa kwa sababu amemaliza siku zake. Mi nilikuwa nimesimama mlangoni na mswaki mkononi, sikuwahi kuona maishani hedhi ya yeyote ikifanyiwa heshima ya namna ile, mbele za watu, mchana kweupe, wanaume wa nyumba wakiwepo.

Wiki chache baadaye zikafika siku za Mausi mwenyewe.

Akahamia kwenye kachumba kalikokuwa karibu na stoo, mkeka chini, sahani yake na glasi yake pembeni. Taa ya chumba cha mungu akawa anawasha mumewe. Mtulsi wa uani, ule mmea wa jamii ya mrehani ambao aliumwagilia kila asubuhi akiuzunguka na kuusalimia, hakuukaribia. Nakumbuka aliniita nimshushie chupa ya achari ya embe kwenye shelfu nimpakulie kidogo pembeni ya wali, kwa sababu yeye akiigusa wanaamini yote itaharibika, na ile achari aliitengeneza mwenyewe kwa mikono yake, aliianika juani siku nyingi. Siku ya nne akaoga, akaosha nywele, akafua kila kitu alichokilalia. Hakuna aliyemletea manjano wala ua.

Na siwezi kusema Mausi alikuwa analia, si kweli. Alikuwa analala mchana, anasoma gazeti, akaniambia kabisa kuwa mwezi mzima hamna siku nyingine anayoruhusiwa kulala saa nane mchana. Lakini nilimuuliza, Mausi, mbona ardhi ikiwa hivi mnaifanyia sherehe? Akanijibu bila kufikiria, "Ardhi ni mungu, mwanangu, mi ni mtu tu."

Jibu lile limenisumbua mpaka leo, maana nilivyokuja kuanza kusoma nikakuta maandiko yao ya zamani kabisa yanawaweka ardhi na mwanamke kwenye kikapu kimoja. Iko kwenye Taittiriya Samhita, sehemu ya Yajurveda. Indra, mfalme wa miungu, alimuua Vishvarupa mwenye vichwa vitatu, ambaye alikuwa kuhani, na kuua Brahmini, mtu wa tabaka la makuhani, ni dhambi nzito kuliko zote, basi Indra akatembea na dhambi ile mwaka mzima viumbe wakimwita muuaji. Akatafuta wa kumsaidia kuibeba. Ardhi ikakubali theluthi, ikapewa baraka kwamba pakichimbwa patajaa tena ndani ya mwaka. Miti ikachukua theluthi, ikapewa baraka kwamba ukiikata inachipua. Wanawake wakachukua theluthi ya mwisho, wakapewa baraka ya kupata watoto, na ile dhambi kwao ikawa damu ya kila mwezi. Halafu hapo hapo yanafuata makatazo, usiku tatu asichane nywele mtoto atakuwa na kipara, asipake wanja mtoto atakuwa kipofu, asikate kucha, asisokote kamba mtoto atakuja kujinyonga. Kwenye Bhagavata Purana hadithi inarudi, maji nayo yanapewa fungu lake, wanakuwa wanne.

Mi nilichokiona pale ni kwamba dhambi haikuwa ya mwanamke hata kidogo, ilikuwa ya Indra, mwanamke alimsaidia mzigo. Na aliyebeba naye ni ardhi. Sasa mmoja anaogeshwa kwa manjano na mwingine anaambiwa asiguse achari yake, hapo ndo akili yangu inapogoma.

Toka hapo kila desturi ya hivi ninayokutana nayo najiuliza kitu kimoja tu, katazo hili linamlinda nani? Kwenye Raja linamlinda yule anayetoka damu, plau inasimama kwa sababu ardhi itaumia. Kwa Mausi linalilinda jiko, chumba cha mungu na achari dhidi ya Mausi. Nje yanafanana, siku tatu na siku ya nne kuoga, ila ndani ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na pale linapozidi ni Nepal magharibi, wilaya kama Achham na Bajura. Desturi inaitwa chhaupadi, mwanamke anatoka kabisa ndani ya nyumba anaenda kulala kwenye kibanda kidogo cha udongo na mawe au zizini, baridi ya milimani, mlango wa kuinama. Haruhusiwi maziwa kwa sababu ng'ombe atakauka, akigusa mti wa matunda utanyauka, akiingia ndani miungu watakasirika mtu wa familia aumwe. Wamekufa huko kwa kung'atwa na nyoka, kwa baridi, kwa moshi wa moto waliowasha wapate joto, na wapo waliobakwa. Mahakama ya Juu ya Nepal ilipiga marufuku mwaka 2005, haikutosha, Bunge likapitisha sheria mwaka 2017 ikaanza kutumika 2018, anayemlazimisha mwanamke anafungwa mpaka miezi mitatu au faini ya rupia 3,000. Januari 2019, yani sheria ipo tayari, mama mmoja wa Bajura akakutwa amekufa kibandani na wanawe wawili wa kiume, moshi. Watoto walilala pale kwa sababu mama yao alilala pale. Polisi na serikali za mitaa wamevunja vibanda vingi baada ya hapo, kuna sehemu vimejengwa tena, na kuna sehemu hata kibanda kisipokuwepo mwanamke analala nje kwa sababu anaogopa yeye mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono kumtoa. Sheria inamfunga mkwe, hofu iliyo kichwani mwa mwanamke haina wa kuifunga.

Hofu hiyo inalishwa pia. Kuna mfungo wa Rishi Panchami, siku moja baada ya Ganesh Chaturthi, wanawake wengi wa Nepal na sehemu za India wanaoga mtoni, Kathmandu wanajaa kando ya mto Bagmati, kuomba radhi kwa makosa ambayo huenda waliyafanya wakiwa hedhini bila kujua. Hadithi inayosomwa siku hiyo ni ya mke wa Brahmini aliyepika akiwa kwenye siku zake, akazaliwa upya akiwa mbwa na mumewe akazaliwa ng'ombe dume, tena kwenye nyumba ya mtoto wao wenyewe. Msichana anaisikia toka mdogo.

Sabarimala ni kesi ngumu zaidi na mi naiheshimu ugumu wake. Ni hekalu la Ayyappa msituni Kerala, mungu aliyeapa useja, na mahujaji wanajizuia siku 41 kabla ya kupanda, hawali nyama, hawalali na wake zao, wanavaa nguo nyeusi. Wanawake wa miaka 10 mpaka 50 walikuwa hawaingii, na Mahakama Kuu ya Kerala ililitia muhuri katazo hilo mwaka 1991. Tarehe 28 Septemba 2018 Mahakama ya Juu ya India ikalifuta, majaji wanne kwa mmoja, na huyo mmoja aliyepinga, Indu Malhotra, ndo alikuwa mwanamke peke yake kwenye jopo. Mwaka mpya wa 2019 wanawake kwa mamilioni wakapanga mstari barabarani wa kilomita kama 620 toka kaskazini mpaka kusini mwa Kerala kudai usawa, kesho yake alfajiri wanawake wawili wakaingia hekaluni, na kuhani akalifunga kwa muda akalitakasa. Novemba mwaka huo maswali makubwa yakapelekwa kwa jopo kubwa zaidi. Kuna wanawake wengi tu wa Kerala walioandamana kulitetea katazo, wanasema sisi tuko tayari kusubiri mpaka 50, huyu ni mungu wetu na tunaijua nadhiri yake. Siwezi kuwaambia hao hawajui wanachokisema. Ila kutakasa jengo kwa sababu wanawake wawili wamepita, hapo naumia.

Na usidhani Odisha iko peke yake, Guwahati kule Assam kuna Kamakhya, hekalu ambalo ndani hamna sanamu, kuna ufa kwenye mwamba unaotoka maji ya chemchemi, wanaamini ndipo ulipoanguka uke wa Sati, mke wa mungu Shiva, mwili wake ulipokatwa vipande vipande. Mwezi wa sita hekalu linafungwa siku tatu kwa sababu mungu yuko hedhini, hiyo ndo Ambubachi, likifunguliwa siku ya nne watu wanapigania kipande cha kitambaa chekundu cha kwenda nacho nyumbani kama baraka. Mwanamke wa kawaida akiwa kwenye siku zake kwa desturi haingii hapo hapo.

Hapa kwetu Upanga nilikokulia jirani zetu walikuwa Wagujarati wa Swaminarayan, dhehebu moja la Kihindu, na yule mama kuna siku alikuwa anakaa barazani peke yake mumewe ndo anarudi na chakula, tulikuwa watoto tunaambiwa tusimguse. Kitabu chao cha mwongozo, Shikshapatri cha mwaka 1826, kinasema wazi, siku tatu asimguse mtu, siku ya nne aoge. Mi ni Muislamu, nikiwa hedhini sisali wala sifungi, Ramadhani nazilipa siku zangu, ila napika, nalala kitandani kwangu, nakumbatia wanangu. Kwa hiyo kusimamishwa ibada siku chache si kitu kigeni kwangu wala sikioni ni tusi. Kukatazwa kuguswa ndo sikielewi, na naandika hivi nikiwa nampenda Mausi kama mama.

Binti yake kaolewa Cuttack, hukohuko Odisha, ni rafiki yangu mpaka sasa. Kwake siku ya kwanza analala kwa sababu tumbo linamkata, mumewe anapika, siku ya pili akijisikia anawasha taa ya mungu mwenyewe. Ana mtoto wa kike anayekaribia kuvunja ungo, na kwa desturi angewekwa ndani siku kadhaa kwanza asionekane na wanaume ndo aje aogeshwe manjano na kuvishwa nguo mpya. Yeye amesema manjano na nguo mpya na mlo wa ndugu vyote vitakuwepo, kufichwa hakuna, na mtoto akitaka kwenda kumwagilia mtulsi siku hiyo hiyo aende. Nilimtumia ile hadithi ya Indra, akamsomea mama yake kwenye simu. Mausi ameshakubali mlo na manjano, sari anataka kuinunua yeye mwenyewe, ila mtulsi na chumba cha mungu bado wanabishana.