Kurudia somo la Kiingereza: wiki nne na daftari la hila

Wiki ya 1

Mtihani wa darasa letu la jioni una sehemu mbili: fasihi ya kale ya Marekani na insha ya kushawishi. Nimeamua nisizitenganishe. Nasoma wakongwe nikiwavizia wanavyomvuta msikilizaji, kisha naiba. Kalamu ya bluu ni ya hoja, nyekundu ni ya hila.

Nimeanza na Patrick Henry, mwanasiasa wa Virginia aliyehimiza vita dhidi ya utawala wa Uingereza, Richmond, Machi 1775. Hotuba imejaa tashtiti, swali juu ya swali, mpaka "nipeni uhuru au nipeni mauti". Nilishakariri nusu ndipo nikasoma kwamba maneno haya yalichapishwa na William Wirt, mwandishi wa wasifu wake, mwaka 1817, kwa kuokoteza kumbukumbu za waliokuwepo. Miaka 42 baadaye! Nikaacha kukariri. Halafu mdai uhuru mwenyewe alimiliki watumwa. Hilo nimeliandika kwa nyekundu.

Wiki ya 2

Wiki nzima imemezwa na Frederick Douglass, wala sijutii. Ni tarehe 5 Julai 1852, Rochester, New York. Mtu aliyezaliwa mtumwa Maryland, akatoroka 1838, anaombwa ahutubie sherehe za uhuru. Anaanza kwa unyenyekevu, anawasifu waasisi wa taifa mpaka unajiuliza kama amenunuliwa. Lakini tazama vimilikishi: baba *zenu*, taifa *lenu*, uhuru *wenu*. Mara ya kwanza nilidhani ni adabu. Mara ya pili nikaona anajenga ukuta, tofali kwa tofali, na wasikilizaji wanapiga makofi.

Sehemu niliyoirudia mara nne ni pale anapouliza: mnataka nithibitishe kwamba mtumwa ni mtu? Anasema hana haja. Kisha anataja kwamba Virginia ina makosa 72 yanayompeleka mtu mweusi kwenye kifo, na kati ya hayo ni mawili tu yanayomfikisha huko mzungu. Kwamba majimbo ya Kusini yana sheria za kukataza mtumwa kufundishwa kusoma na kuandika. Nionyesheni sheria ya namna hiyo iliyotungiwa wanyama, anasema, ndipo nitakubali kubishana. Yaani anadai habishani, kumbe ameshamaliza kesi kwa sheria za wapinzani wake mwenyewe. Shuleni tungeandika "kinaya" pembeni tukasonga mbele.

Wiki ya 3

Insha ya kwanza: maktaba ya mtaa ifunguliwe Jumapili. Sababu tano, zote nzuri. Mwalimu akaandika chini: "Unamshawishi nani? Mimi nilishakubali." Imeniuma kwa sababu ni kweli.

Jioni nikapitia kesi ya Tom Robinson, mtu mweusi anayeshtakiwa kumbaka binti mzungu, katika riwaya ya Harper Lee *To Kill a Mockingbird* (1960). Wakili wake, Atticus, anaonyesha kwamba aliyempiga binti inaelekea alitumia mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto wa Tom umelemaa tangu utotoni. Baraza la wazee wa mahakama linamtia hatiani hata hivyo. Wenzangu walitaka kujadili ubaguzi tu. Mimi nilibaki nikiwawazia wale kumi na wawili waliokaa pale na jibu mfukoni.

Wiki ya 4

Nimeifumua insha. Msomaji wangu sasa ni mtu wa bajeti, na pingamizi lake la pesa nimelitanguliza aya ya kwanza badala ya kulificha mwishoni. Halafu nikamfanyia kama Douglass: bango la mlangoni kwao linasema maktaba ni ya wote, basi anayefanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi ni nani? Nimependekeza wafunge Jumanne asubuhi. Nimekwenda kukaa humo Jumanne mbili kuhesabu watu: wanne, kisha watatu, mmoja amelala.

Mwalimu ameirudisha na masahihisho mawili, yote ya koma.

Mtihani ni Alhamisi. Kiporo ni Thoreau, mwandishi wa Marekani aliyelala jela usiku mmoja mwaka 1846 kwa kugomea kodi akautolea insha ndefu. Nimefika nusu, na kalamu nyekundu imekwisha wino.