Tupa mpya

Leo nimenunua tupa ya kazi na nina furaha kweli kweli.

Mnaonijua mnajua natengeneza pete za fedha hapa Arusha, nyingi za kutiwa tanzanaiti ya Mererani.

Dukani nilizitoa tupa zote, moja moja, nikaziinua kuelekea mwanga wa mlangoni. Muuzaji akaniambia, "Dada, tupa ni tupa tu."

Hapana, kaka yangu.

Iliyopinda hata kidogo hainyooshi ukingo wa pete. Na meno yasipolingana, inaacha mikwaruzo ambayo utahangaika nayo kwa msasa mpaka mkono ufe ganzi.

Nimechukua ya nusu duara, namba 2. Upande bapa ni wa nje ya pete, upande wa mviringo ni wa ndani. (Kwa tupa za Uswisi, namba 00 inakula sana, namba 6 ni laini kabisa, ya kumalizia.)

Nilipofika mezani nikaisukuma juu ya fedha.

Jamani, ile sauti!

Haikukwama, haikurukaruka. Vumbi likashuka laini kama unga uliochekechwa. Nikainyanyua wakati wa kurudi, maana meno yanakata kwa kwenda mbele tu, nikasukuma tena. Na tena. Chai ikapoa pembeni.

Masonara wa Arusha na Moshi, mnanunua wapi tupa zenu? Na mnazipaka chaki ili fedha isigande kwenye meno, au mna njia nyingine? Niambieni hapa chini, nasoma zote.