Young Marble Giants na kazi ya kupiga muziki mdogo

Mwaka 1978 vijana wa punk, yaani roki ya kelele na kasi, Uingereza walikuwa wanafungulia amplifaya hadi mwisho. Mjini Cardiff, Wales, watu watatu walianza kupiga muziki ambao ungeweza kupigwa sebuleni mtoto amelala chumba cha pili. Stuart Moxham alishika gitaa na kinanda, mdogo wake Philip akashika besi, na Alison Statton akaimba. Walijiita Young Marble Giants. Walidumu takriban miaka miwili, wakatoa albamu moja tu, Colossal Youth, mwezi Februari 1980, kisha wakaachana.

Vyombo vyao vilitumia umeme, lakini walivipiga kwa adabu ya vyombo vya mti mtupu. Hapo ndipo wengi wanaotaka kuwaiga hukosea: wanapunguza sauti ya amplifaya, wanaendelea kupiga vilevile, na muziki unakuwa dhaifu. Udogo wa muziki huu umo mikononi. Kila noti inakatwa mapema ili inayofuata ipate mahali pa kukaa.

Tuanze na gitaa, maana ndilo linalobeba kila kitu. Stuart alipiga Rickenbacker akizima nyuzi kwa kiganja cha mkono wa kulia. Laza ukingo wa kiganja, upande wa kidole kidogo, juu ya nyuzi pale zinapotoka kwenye daraja la gitaa, kile kipande kinachozibeba nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Ukikaa juu ya daraja lenyewe, uzi unalia moja kwa moja. Ukisogea mbele sentimita tatu au nne, noti inapotea na unabaki na kishindo tu. Mahali penyewe ni kama sentimita moja mbele ya daraja, na panahama kidogo kwa kila gitaa, kwa hiyo tafuta kwa sikio. Usikandamize. Uzito wa mkono unavuta uzi na kuupandisha noti, na kwa kuwa hakuna chombo kingine cha kuficha kosa, msikilizaji atasikia gitaa limetoka kwenye tyuni. Amplifaya iwe safi kabisa, bila mkwaruzo: mkwaruzo hurefusha noti na kujaza mapengo yaleyale unayojitahidi kuyaacha.

Besi ya Philip ndiyo siri ya pili. Mara nyingi gitaa linashuka nyuzi nene na kufanya kazi ya mdundo, huku besi ikipanda juu na kuimba. Kwa anayejua bendi za dansi, fikiria rizimu na besi zimebadilishana viti, na solo hayupo kabisa. Mkizoea hivyo, kazi ngumu ni kutogongana. Njia rahisi ya kupima: rekodini gitaa na besi peke yao, msikilize, na kila mahali vyombo viwili vinapopiga kwa wakati mmoja katika eneo moja la sauti, mmoja anyamaze. Wimbo utabaki na nusu ya noti zake, nao utasimama.

Ngoma zilitoka kwenye kanda. Binamu yao Peter Joyce, fundi wa simu aliyependa elektroniki na aliyejitengenezea sinthesaiza (chombo cha kuunda sauti kwa umeme), alikuwa na mashine ya ngoma. Wao hawakuwa na fedha ya kununua ya kwao, kwa hiyo walirekodi midundo ya mashine yake kwenye kaseti na kuipiga jukwaani. Waliokulia karibu na vinanda vya taarab ya kisasa wanaujua mdundo wa namna hiyo, ule wa kubonyeza kitufe ukaenda wenyewe. Hapa ulikuwa mwembamba zaidi, tiki na tuku tu.

Kaseti ina taabu zake, na ni vizuri kuzijua kabla ya kupanda jukwaani. Inakwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Betri zikichoka au mpira wa ndani ukilegea, mwendo unashuka. Ukishuka asilimia 3, mdundo wa 120 kwa dakika unakuwa kama 116, na sauti yenyewe inashuka karibu robo ya toni. Kwa tiki-tiki za ngoma si neno. Kama kwenye kanda umeweka pia noti ya kinanda, gitaa na besi hazitapatana nayo tena, na katikati ya onyesho hakuna dawa. Basi weka ngoma peke yake. Tumia kanda ya dakika 60. Za 120 ni nyembamba, zinavutika na kumezwa na mashine. Safisha kichwa cha redio kaseti, kile kinachosoma kanda, kwa spiriti na pamba, kwani kikiwa na uchafu, sauti kali za juu hupotea kwanza, na mdundo huu umejengwa kwa sauti hizohizo. Acha sekunde 15 za ukimya kati ya wimbo na wimbo, rekodi hesabu ya moja hadi nne mwanzoni mwa kila mmoja, na beba nakala ya pili. Mpangilio wa nyimbo ukishaingia kwenye kanda hauugusi tena usiku ule.

Spika ya kanda iwe karibu na wapigaji. Ikiwa mita 10 mbali, mdundo unawafikia umechelewa karibu milisekunde 29, na bendi nzima inaanza kuburuta miguu.

Alison aliimba kama mtu anayeongea na mwenzake mezani, bila kutetemesha sauti wala kuinyanyua kufikia kilele. Sauti ndogo inataka maikrofoni ya karibu, sentimita 10 hivi, na karibu kunaongeza besi na kupasua herufi P na B. Igeuze maikrofoni pembeni kidogo ya mdomo, na punguza sauti nzito kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti.

Kampuni ya rekodi ya Rough Trade iliwapata kupitia albamu ya mkusanyiko wa bendi za Cardiff ya mwaka 1979. Nyimbo 15 za albamu zilirekodiwa vijijini Wales kwa siku chache tu. Hilo linawezekana pale bendi inapofika studio ikiwa imeshapunguza kila kitu nyumbani: hakuna cha kurundika juu, hakuna cha kuficha.

Baadaye Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya Nirvana, aliitaja albamu hiyo kati ya alizozipenda zaidi, na mwaka 1994 bendi ya roki ya Hole ikarudia wimbo wao mmoja, Credit in the Straight World, kwa magitaa ya kunguruma. Ni vyema kusikiliza matoleo yote mawili kwa kufuatana. Wimbo unabeba uzito ule bila kuvunjika, kwa sababu mifupa yake ilikuwa imekaa sawa tangu mwanzo.

Kwa anayeanza, asikilize kwanza Final Day ya 1980. Ni wimbo wa vita vya nyuklia, haufiki dakika mbili, na sauti moja nyembamba ya juu imekaa palepale tangu mwanzo hadi mwisho wakati Alison anaeleza dunia inavyozimika, kwa sauti ileile ya mezani.