Tembe la Kwihara litazamwe kuanzia paa

Nimetoka Kwihara leo, na kinachonikaa kichwani ni kuta zaidi ya Livingstone mwenyewe, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti aliyewahi kukaa humo. Wageni wengi wa tembe hili, nyumba ya udongo yenye paa bapa nje kidogo ya mji wa Tabora, huupiga picha mlango wa nakshi, wakasoma maelezo, wakaondoka. Mlango ni mzuri, una mkono wa Pwani waziwazi. Lakini hii ilikuwa pia ngome, na ni jambo kubwa mno kupitwa hivi hivi.

Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, alipoivamia Tabora na kuichoma moto Agosti 1871, Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alikuwa Kwihara. Alitoboa matundu ya bunduki kuzunguka kuta zote, na vibanda ambavyo adui angejifichia vikabomolewa. Kazi ilikwenda upesi, maana udongo hautaki patasi. Mwaka uliofuata Livingstone alikaa hapa tangu Februari hadi Agosti, akingoja wapagazi kutoka Pwani.

Jengo la leo limejengwa upya, kwa hiyo matundu ya Stanley usiyatafute. Tafuta njia ya maji. Paa la tembe ni bapa: boriti, juu yake fito zilizobanana, kisha udongo ulioshindiliwa. Likititia katikati, mvua hutuama, udongo hulowa na kuwa mzito, boriti zinazidi kupinda na dimbwi linazidi kupanuka. Mchwa huanzia pale boriti inapoingia ukutani, penye giza na unyevu. Vijia vyao vina rangi ileile ya ukuta. Mulika tochi kwa ubavu utaviona.

Adui mwingine huletwa na watu wenye nia njema: saruji. Ukuta wa udongo unapumua, lipu ya saruji haipumui. Maji yakishapenya kwenye ufa hayana pa kutokea, lipu inavimba, kisha inabanduka na kipande cha ukuta. Igonge taratibu kwa kidole. Ikitoa mlio wa kitu chenye uwazi ndani, imeshaachia ukuta. Ukuta wa udongo upakwe udongo, na upakwe tena kabla ya mvua za Novemba, kila mwaka. Ni kazi ya kuchosha, lakini njia ya mkato ndiyo inayoua tembe.

Kwa anayekwenda: elewana na bodaboda nauli ya kwenda, kungoja na kurudi, maana huko bodaboda ya kurudia haipatikani kirahisi. Beba pesa taslimu na tochi. Na ukifika, mwombe mlinzi muanze kwa kuzunguka nje.