Namna nilivyopunguza kutazama maisha ya wenzangu

Nilipomaliza masomo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), pale Tunguu, nilirudi nyumbani Wete, Pemba, kusubiri ajira. Wenzangu niliosoma nao Tunguu nikawa nawaona kwenye simu tu. Mmoja kapata kazi hotelini Nungwi, mwengine kaolewa Maskati, mwengine kila wikiendi yuko Forodhani. Usiku naingia chandaruani na simu, natazama status moja baada ya nyengine, kisha Instagram, mpaka macho yanauma. Asubuhi naamka mzito, sina hamu ya kusema na mtu. Mama aliliona hilo. Hakunikemea, aliniuliza tu: "Mwanangu, kuna mtu kakuudhi?" Hakuna aliyeniudhi, na ndiyo maana nilikosa jibu.

Nikaanza kujichunguza. Nikizungumza na rafiki yangu tukacheka, naweka simu moyo mwepesi. Nikitazama picha zake kimya kimya bila kumwambia neno, naiweka nikijiona nimeachwa nyuma. Mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza tangu mwaka 1954 kwamba binadamu hujipima kwa kujilinganisha na wenziwe. Lakini jirani wa mtaani unamjua na shida zake. Kwenye simu mimi nilikuwa naziona sikukuu za watu tu.

Kilichonielemea zaidi, nadhani, ni aibu. Sisi tumefunzwa tangu chuo cha Kurani kwamba husda ni dhambi, kwa hiyo kijana akiumia kwa kuona picha za mwenziwe hamwambii mtu, anaogopa ataambiwa ana kijicho. Mimi sikumtakia mwenzangu mabaya hata mara moja. Nilikuwa na huzuni ya kwangu. Siku nilipomweleza shangazi hivyo, na yeye akanielewa, nusu ya mzigo ulitoka.

Kuacha mitandao kabisa nisingeweza, kofia ninazoshona nauza kwa WhatsApp. Nilitiwa moyo na utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, uliotolewa mwaka 2018. Katika wanafunzi 143, waliopunguza Facebook, Instagram na Snapchat hadi dakika 10 kwa siku kila moja, kwa wiki tatu, walipungukiwa na upweke na huzuni kuliko walioendelea kama kawaida. Hawakuambiwa waache. Nikaweka kipimo cha muda kwenye simu, nikazima arifa, na kwenye Instagram nikaficha idadi ya waliopenda picha.

Kubwa zaidi ilikuwa kuitoa simu chumbani. Inalala ukumbini kwenye chaji, na kuamka naamshwa na adhana ya alfajiri. Mwanzo mikono ilikuwa inaitafuta. Bahati msimu wa karafuu ulikuwa umeingia, usiku tukikaa kuchambua, wanawake wote wa nyumba, mazungumzo hayaishi. Msimu ulipokwisha hali ikataka kurudi, nikahamishia kushona kofia usiku, nikikaa na shangazi.

Status za wale watatu nilizinyamazisha, na badala yake nawatumia ujumbe wa sauti. Wa Maskati hujibu Ijumaa akiwa na nafasi. Habari ya uchumba wa mdogo wake niliisikia kwa sauti yake mwenyewe, nikafurahi kwa dhati, jambo ambalo picha zake zilikuwa hazinipi tena.

Siku ya Idi bado ni ngumu, maana kila mtu anaweka nguo zake mpya. Siku hiyo simu naizima mpaka magharibi, nawapeleka watoto wa kaka kiwanja cha sikukuu.

Anayefuata haya na bado hali hanywi wala halali, amwambie mtu wa nyumbani kwao, kisha aende hospitali, kwa sababu huenda si jambo la simu tena. Mimi kipimo cha WhatsApp nimekiondoa kwa ajili ya wateja. Cha Instagram nimekiacha.