Kumbukumbu ya mradi: daraja la WhatsApp, Telegram na Signal kwenye seva ya sebuleni

Hali ilivyo sasa: WhatsApp na Telegram zinapita vizuri, Signal inapita ila inasuasua kila umeme ukikatika, na mashine yenyewe, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, imekaa nyuma ya televisheni hapa Mbagala. Seva ni Synapse, programu inayotumia Matrix, itifaki ya wazi ya seva mbalimbali kutumiana ujumbe. Madaraja, yaani programu zinazohamisha ujumbe kati ya Matrix na mtandao mwingine, ni ya mradi wa mautrix, kila mtandao na daraja lake, na zote nazisoma mahali pamoja ndani ya Element, programu ya kusomea Matrix.

Kilichonila muda ni intaneti ya nyumbani, wala si Matrix. Natumia laini ya simu, na kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, kwa hiyo mtu wa nje hawezi kuifikia Pi yangu moja kwa moja. Nimekodi seva ndogo Ujerumani, nikapitisha njia ya siri ya WireGuard (aina ya VPN) kutoka huko hadi nyumbani. Ile ya Ujerumani inapokea na kusukuma mbele tu. Cheti cha TLS, kinachofumba mawasiliano, na funguo zote ziko Mbagala, makusudi kabisa, ili mwenye mashine ya kukodisha asiwe na cha kusoma.

Kuunganisha WhatsApp ni jambo la dakika chache. Unamwandikia boti wa daraja `login qr`, anakutumia msimbo wa QR, unaupiga skani kwenye simu palepale unapounganishia WhatsApp ya kompyuta. Kwa WhatsApp, daraja ni kifaa kingine tu kilichounganishwa, na simu inaruhusu vinne. Simu yenyewe ikikaa siku 14 bila kutumika, vifaa vyote vinaondolewa, kwa hiyo ile simu ya zamani niliyokuwa nimeipangia kabati imebaki kwenye chaji. Baada ya hapo vyumba vinaanza kumiminika Element, na kila mtu anaundiwa akaunti ya kivuli: @whatsapp_ na tarakimu zake. Maandishi, picha, ujumbe wa sauti, majibu na emoji za kuitikia vinapita. Kupigiana simu hakupiti.

Anayetaka kuiga ajue kwamba masharti ya WhatsApp hayaruhusu programu zisizo rasmi, na akaunti inaweza kufungiwa. Usijaribie namba unayofanyia biashara.

Sehemu niliyoingoja kwa hamu ni hii. Binamu yangu yuko Toronto, WhatsApp alishaiacha, ila ana akaunti ya Matrix. Nimemwingiza kwenye chumba cha kundi la ukoo na kuwasha upokezi, yaani akiandika, maneno yake yanaingia WhatsApp kupitia namba yangu, jina lake likitangulia kwa herufi nzito. Kitaalamu ni safi. Kwa wanaosoma haraka haraka ni vurugu. Aliandika kwamba theluji imefika magotini na hajatoka nje tangu jana. Shangazi yetu wa Tanga, ambaye husoma jina la juu ya ujumbe na si jingine, akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Theluji ya Mbagala hiyo? Umekula nini, mwanangu?"

Nikampigia, shikamoo marahaba, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha: "Kwa hiyo haya tunayoandika humu yanapita kwako kwanza?"

Yanapita kwangu, ndiyo. WhatsApp hufumba ujumbe kutoka simu hadi simu. Daraja linaufumbua, linautafsiri, kisha linaufumba upya kwa ufunguo wa Matrix. Pale katikati uko wazi, ndani ya Pi, na mwenye Pi ni mimi. Nimewasha ufumbaji upande wa Matrix, lakini pale kati hapaondoki, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe ya daraja. Nimeweka tangazo kundini. Michango ya harusi imeendelea kupita kama kawaida. Mambo ya mirathi wameyahamishia kundi jingine ambalo mimi simo, na ni haki yao.

Njia ya heshima zaidi ni mwenye mtandao kufungua mlango mwenyewe. Ulaya imeanza kulazimisha hilo: kifungu cha 7 cha sheria ya masoko ya kidijitali ya mwaka 2022 kinaitaka WhatsApp na Messenger ziwasiliane na washindani watakaoomba, bila kupunguza ulinzi wa ujumbe. Kwanza ujumbe wa watu wawili, makundi ndani ya miaka 2 tangu kampuni kutajwa rasmi kuwa inabanwa na sheria hiyo, kupigiana simu ndani ya miaka 4. Meta, mwenye WhatsApp na Messenger, ilitajwa Septemba 2023. iMessage ya Apple iliachwa nje Februari 2024. Novemba 2025 WhatsApp ikatangaza wageni wa kwanza, programu za ujumbe za BirdyChat na Haiket. Signal na Threema, programu nyingine ya ujumbe, zimesema hazitaki. Na yote hayo ni kwa walioko Ulaya, maana yake Tanga haimo, Toronto haimo.

Utaalamu haujawahi kuwa kikwazo. Google Talk ilifungulia seva za wengine za XMPP, itifaki ya wazi ya ujumbe, mwaka 2006, kisha Hangouts, mrithi wake wa 2013, ikaufunga mlango. WhatsApp yenyewe ilianza kwa XMPP iliyokarabatiwa. Na Watanzania tumeliona hili kwenye pesa za simu: mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana wateja watumiane moja kwa moja, Vodacom ikaingia 2016. Minara haikubadilika, kampuni zilikubaliana namna ya kulipana. Ujumbe hauna hata makato ya kugawana, na nadhani ndiyo maana hakuna anayeharakisha.

Kazi zilizobaki. Signal kwanza: umeme ukirudi, daraja linawaka kabla WireGuard haijasimama, linashindwa na kukata tamaa. Nimeandika kwenye systemd, inayowasha programu za Linux, lingoje mtandao kwanza. Naona limetulia, ila kukatika kwa kweli hakujatokea tangu nibadilishe. Hifadhidata ya Postgres nimeitoa kwenye kadi ya kumbukumbu na kuiweka kwenye SSD, tofauti ni kubwa mno.

Pia diski inajaa, na si kwa maandishi. Ni picha za "asubuhi njema" zenye waridi na chai, ambazo kundi la ukoo hurushiana kabla jua halijatoka, na Synapse inaitunza kila moja. Nimeweka `local_media_lifetime: 90d`, yaani zisizofunguliwa kwa siku 90 zifutwe. Waridi za miezi mitatu zinatosha.